Shangazi na Maduka Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza dukani nilizipanga pai vizuri kwenye rafu ya kioo, nikajiona nimefanya kazi. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanamke mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Alizitazama zile pai, akaanza kuzigeuza moja moja, kila moja pindo lake likaelekea upande wa wateja.

"Mteja anakula kwa macho kwanza," akasema. "Usimpe mgongo."

Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni Shangazi."

"Shangazi wa nani?"

"Wa kila mtu. Hata mama yangu mzazi aliniita hivyo, basi na wewe usijisumbue kutafuta jina lingine."

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na bekari yao ilikuwa na maduka tisa katika miji mitano. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka shule. Nimemjua kwa miaka ishirini tangu siku hiyo, na mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe. Ya zamani alinihadithia tukiwa tumekaa kwenye madebe ya mafuta uani, saa nne asubuhi, wakati wa chai, kwa sababu huko uani ndiko alikokuwa anapumua vizuri. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Bekari ilianzishwa na mama yake. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, wa kiume na wa kike, na oveni moja ya bati ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Alikuwa anapika pai za nyama na viazi chumba cha nyuma na kuziuzia dirishani, na wanunuzi walisimama barabarani. Pai zake zilikuwa na tatizo moja: zilipasuka ubavuni, mchuzi ukamwagika kwenye trei, ukaungua, nyumba nzima ikanuka moshi. Siku moja binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliketi kumsaidia. Badala ya kubana pindo kwa uma kama mama alivyofanya, alibana kwa dole gumba, akikunja kidogo kila alipobana, akizunguka pai yote. Mikunjo ishirini na miwili. Trei ile haikumwaga hata tone.

"Mama alizihesabu pai zote mbele ya oveni," Shangazi aliniambia. "Kisha akanishika huu mkono akautazama kama anatafuta kitu. Akasema, shule utaenda mchana."

Shule aliendelea nayo mwaka mmoja na nusu, basi.

Kaka yake alikuwa amemzidi miaka mitatu. Yeye unga hakuupenda, alipenda watu. Angeweza kusimama na mtu asiyemjua kwa dakika tano na mtu huyo akaondoka na pai tatu na salamu za nyumbani. Alioa mapema, akapata binti, na ndiyo siku ambayo dada yake, akiwa na miaka kumi na tisa, aligeuka kuwa shangazi. Kaka mtu alikuwa anambeba mtoto mpaka jikoni na kusema, "Mwone shangazi, mwone shangazi," na wasaidizi wakaokota jina, na mwisho hata bibi wa mtoto akalishika. Kaka naye, duka la pili lilipofunguliwa, akanunua koti na kuanza kuitwa Meneja. Tangu hapo majina yao ya kuzaliwa yalibaki kwenye vitambulisho tu.

Kulikuwa na dereva wa lori la unga. Mwanaume mpole, mrefu, aliyekuwa anashusha magunia mwenyewe hata kama makuli wapo, ili tu apate sababu ya kuingia jikoni. Alimwambia Shangazi anataka kuja kwao. Shangazi akamwambia mama. Mama akasema, "Siyo kwamba nakataa. Lakini tunafungua duka la pili mwezi ujao. Nani atabana? Asubiri kidogo."

Dereva akasubiri. Duka la pili likafunguliwa, na baada yake la tatu, na kila mara mama akasema maneno yale yale, na kila mara alikuwa anasema kweli, kwa sababu kazi ilikuwa imewazidi. Siku ya kufungua duka la nne dereva alileta magunia kama kawaida, akayashusha, akajipangusa mikono. Akamwambia, "Mimi nimeposa bekari bila kujua." Miezi mitatu baadaye alioa mwalimu wa shule ya jirani. Aliendelea kuleta unga miaka mingine kumi na miwili, na Shangazi ndiye aliyekuwa anasaini karatasi ya kupokea.

"Ulilia?" nilimuuliza.

"Nililia vizuri tu. Mikono ilikuwa na unga, nikajifuta, nikapata tope usoni. Mama akacheka, na mimi nikacheka."

Mama alifariki maduka yakiwa saba. Alikuwa amekohoa miaka mingi, kikohozi kikavu, na mwishoni alikuwa analala ameketi. Familia walisema ni kifua cha ukoo. Bibi naye, walisema, alikuwa na kifua, ingawa hakuna aliyekumbuka kumsikia bibi akikohoa.

Nilipofika mimi, pai zote za maduka tisa zilikuwa zinatengenezwa pale duka la kwanza, kwenye ukumbi mrefu nyuma, kisha zinapakiwa kwenye magari mawili. Wanawake kumi na wawili walikaa meza moja wakibana. Shangazi aliwafundisha wote. Alikuwa anapita nyuma yao kama mwalimu wa mwandiko, na angeweza kukuambia pai fulani imebanwa na nani bila kuuliza. "Hii ni ya Mama Pacha, amegombana na mumewe. Angalia alivyobonyeza." Mama Pacha anaguna, meza nzima inacheka. Palikuwa na kelele ya redio, kelele ya trei, joto la oveni tatu, na juu ya yote hayo vumbi la unga lilielea hewani siku nzima, jeupe na jepesi. Mlango ukifunguliwa jua likaingia, ungeliona likizunguka. Lilikuwa zuri kulitazama. Nasema hivyo kwa aibu.

Maduka yalifika kumi na moja. Mwaka huo Shangazi alikuwa akipanda ngazi tano za kwenda stoo anasimama ya tatu. Alikohoa Jumatatu mpaka Jumamosi. Alijikaza kisabuni, akanywa asali, akanywa tangawizi, akabadilisha mto. Siku alipoanguka magoti karibu na mizani na midomo ikawa na rangi ya majivu, nilimshika mkono nikampeleka hospitali bila kumuuliza Meneja.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alimpulizisha kwenye bomba mara tatu, akatazama karatasi.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Natengeneza pai."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na minne."

"Siku ya mapumziko unakohoa?"

"Jumapili ni mzima kabisa. Mpaka naimba."

"Na Jumatatu?"

Shangazi akacheka. "Jumatatu naanza upya, daktari."

Daktari hakucheka. Akamwambia ni unga. Kwamba kuna vifua ambavyo vikivuta vumbi la unga miaka na miaka vinaanza kuukataa, na vikishaukataa haviukubali tena. Kwamba dawa ipo ya kumsaidia kupumua, lakini dawa yenyewe hasa ni kutoka kwenye ule ukumbi na kutorudi. Kisha akauliza, kwa kawaida tu, kama wanavyouliza, "Kwenu kuna mtu mwingine aliyekuwa na kifua?"

"Mama. Alikufa nacho."

"Alifanya kazi gani?"

Daktari akaliona jibu usoni mwa Shangazi, akainamia karatasi yake akawa anaandika kwa muda mrefu kuliko yaliyokuwa ya kuandikwa.

Tulirudi kwa miguu. Mbele ya duka la vitambaa akasimama ghafla, nikadhani pumzi imemkata. "Kwa hiyo hakikuwa cha ukoo," akasema. Akatembea tena. Hatua chache mbele akasimama mara ya pili. "Na mimi nilikuwa namfunga shuka shingoni asipate baridi. Halafu namrudisha mezani."

Meneja alipoambiwa, alipiga meza kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kusimulia kama angekuwa mbaya.

"Dada yangu," akasema, "unga ni chakula. Watu wanakula unga, unga hauli watu."

"Daktari ana karatasi, Kaka."

"Karatasi! Mama alivuta unga huu miaka thelathini."

"Ndiyo," Shangazi akasema. "Na Mama yuko wapi?"

Meneja alikaa chini, akavua koti lake. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, siyo fedha, nadhani alikuwa anahesabu miaka ya mama. Mwishowe akasema atatoboa ukuta wa ukumbi, aweke feni kubwa ya kuvuta vumbi. Kesho yake kweli alikuja na fundi, wakapima, wakachora duara kwa chaki ukutani. Feni ikaagizwa, au tukaambiwa imeagizwa. Lile duara lilikaa pale mpaka chaki ikafifia, na Mama Pacha akalichora upya kwa mkaa na kulitia macho na mdomo, na tukalizoea.

Mimi nilimwambia aache kazi. Nilimwambia waziwazi, uani, kwenye madebe yetu.

"Niache niende wapi?" akasema. "Nikashone? Sindano sijui hata kuitia uzi. Nimeolewa na hii meza. Nyumba yangu ina kitanda na kabati. Nikikaa huko kutwa nitamsemesha nani, kabati?"

"Utapumua."

"Nitapumua," akakubali. "Halafu?"

Miaka mingi nimelitafuta jibu la hilo.

Kilichomtoa mezani hakikuwa daktari. Kilikuwa mashine. Meneja alikuwa ameiona kwenye maonyesho ya biashara, akarudi na macho yanang'aa. Mashine ya kubana pai, moja ifanye kazi ya mikono kumi na miwili. "Na hii ndiyo feni yako, Dada," alimwambia. "Hutakuwa na haja ya kukaa kwenye vumbi tena. Nimefikiria afya yako." Nadhani alijiamini kabisa aliposema hivyo.

Alikuja fundi wa mashine, mtu msafi wa kucha, akamwomba Shangazi abane pai ishirini kwa utulivu wake wote na achague iliyo bora. Shangazi alizibana. Hakukohoa hata mara moja, alizuia. Alizipanga mstari mmoja, akazizunguka, akachukua ya kumi na saba. "Hii," akasema. Fundi akaimwagia plasta, ikaganda, akaondoka nayo kwenye boksi la viatu. Wiki saba baadaye mashine ikafika, ina kichwa cha chuma kilichochongwa mikunjo ishirini na miwili, kila mmoja na shimo la dole gumba lake, hata ule mmoja uliokuwa umekaa upande kidogo. Kichwa kilishuka, pa, kikapanda. Pai imebanwa. Pa. Nyingine.

"Unaona?" Meneja akasema. "Utakuwa kwenye kila pai. Hata tukifika maduka hamsini."

Wanawake wote kumi na wawili walimwaga unga mwezi huo huo, na kwa kuwa walikuwa wa bekari waliutania msemo huo mpaka wakachoka kuutania. Siku ya kuondoka Mama Pacha alikuja kuaga. Wengine walimkumbatia Shangazi. Yeye hakumkumbatia.

"Ulitufundisha sisi," akasema, "kisha ukakaa chini ukafundisha chuma kitufukuze. Ungebana vibaya, Shangazi. Siku moja tu. Ungechagua iliyopinda."

Shangazi aliniambia baadaye kwamba wazo hilo halikumpitia kabisa. Kwamba aliulizwa ipi ni bora, na yeye alikuwa anaijua. Alilirudia jambo hilo kwa miaka. Tukiwa tunaongea habari ya mvua, anakatiza: "Ya kumi na saba ilikuwa bora kweli, lakini."

Kumbe ile mashine haikutaka unga laini. Unga wa Mama, uliokandwa kwa maji ya baridi na samli, ulinata kwenye kichwa cha chuma. Ikabidi ukandwe mgumu. Pindo likatoka zuri kwa macho, gumu kwa jino. Mimi ndiye niliyekuwa dukani, mimi ndiye niliyeona. Kwanza wateja walikula wakaacha mapindo kwenye sahani. Kisha mzee mmoja, mteja wa tangu enzi za dirishani, akaniletea mapindo matano kwenye gazeti. "Mpe aliyebana," akasema. "Mwambie mimi nina meno ya kuazima." Nilimchekea. Hakurudi.

Shangazi alikuwa amewekewa kiti pembeni mwa mashine akague pai zinavyopita. Mashine ilipuliza unga kwenye mkanda ili pai zisishike, kwa hiyo vumbi lilikuwa zaidi kuliko mwanzo. Alimwambia kaka yake mara mbili kwamba pindo limekufa. Mara ya tatu Meneja akamwambia, kwa upole, akamshika bega, "Dada, sasa pumzika. Umefanya kazi ya watu wanne." Akampa saa ya ukutani. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Maduka yalianza kufungwa kutoka ya mbali. La kumi na moja likawa saluni, la tisa na la kumi yakafungwa wiki moja. Meneja alikimbia kutoka mji hadi mji, akapunguza ukubwa wa pai, akabadilisha rangi ya mabango, akaongeza mikate, akaondoa mikate. Wale watu aliokuwa anaweza kusimama nao dakika tano sasa walivuka barabara. Alianguka ndani ya duka la saba, mbele ya rafu, akiwa anamweleza mtu kwamba mambo yanakaa sawa. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakaondoka isipokuwa moja: "Haya." Ukimuuliza ana njaa, haya. Ukimuuliza anaumwa wapi, haya. Anajua anachotaka kusema, unaliona neno limemjaa machoni, halafu linatoka "haya," naye anapiga ngumi kwenye paja kwa mkono uliobaki. Mwaka uliofuata halikubaki duka hata moja, na mimi nikaenda kuuza viatu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini binti wa Meneja, yule mtoto aliyempa Shangazi jina lake, alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mkaidi kama bibi yake. Aliacha kazi. Akaliamsha duka la kwanza. Mashine akaiuza chuma chakavu, akatoboa ukuta palepale kwenye lile duara na kuweka feni, hatimaye, akanifuata kwenye viatu vyangu akaniambia, "Dada, rudi." Kisha akaenda kwa Shangazi.

"Sikuombi uingie jikoni," akamwambia. "Nimeweka kioo kati ya jikoni na duka. Utakaa upande wa duka, kwenye hewa safi. Nifundishe kupitia kioo."

Shangazi akatazama mikono yake. "Nitavaa nini?" akauliza. Hapo ndipo nilipojua amekubali.

Zilikuwa wiki tatu. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama zile wiki tatu. Shangazi anakaa kwenye kiti upande wangu, amefunga kitambaa kipya, anagonga kioo kwa pete ya ufunguo. Anabana hewa kwa dole gumba: hivi, siyo hivyo. Binti upande wa pili anabana, anainua pai, anaonyesha. Shangazi anatikisa kichwa. Pai inarudi kwenye donge. Siku ya tisa alitikisa kichwa kidogo. Siku ya kumi na mbili aliiacha ipite. Watu wakaanza kuja, wachache, kisha si wachache. Yule mzee wa meno ya kuazima alikuja akala pai nzima amesimama, pindo na vyote, akanirudishia karatasi tupu kama cheti.

Kisha tukapata kazi ya pai mia mbili za harusi, siku ya Jumamosi, zitoke saa sita mchana. Binti alikuwa peke yake jikoni na msaidizi mmoja wa oveni. Saa nne hivi trei ya kwanza ikatoka imepasuka. Ya pili imepasuka. Haraka ilikuwa imemharibu mkono. Alikuwa anabana bila kukunja. Nilimwona anafuta jasho, anaanza upya, anaharibu tena, na mchuzi unafuka moshi kwenye trei. Shangazi aligonga kioo. Binti hakusikia, feni ilikuwa inanguruma. Akagonga tena.

Akasimama. Akavua kile kitambaa kipya kichwani, akakikunja mara tatu, akakifunga puani na mdomoni. Akanitazama.

Ningeweza kumzuia. Mlango wa jikoni ulikuwa upande wangu, ningenyoosha mkono tu. Lakini wateja walikuwa wamejaa, na nilitaka zile pai zitoke, na nilitaka kumwona akibana. Nikasogea, akapita.

Alibana pai sabini na nne. Nilikuwa nikiwahudumia watu huku nikigeuka kutazama kwenye kioo. Mikono yake haikuwa na miaka. Binti alisimama kando machozi yanamtoka, anasukuma unga na kumpa, anasukuma na kumpa. Ya sabini na tano aliishika, akaiweka chini, akaweka viganja viwili mezani kama mtu anayetaka kusema jambo mkutanoni. Halafu akateleza.

Harusi ilipata pai zake. Sijui nani alizipakia.

Alikaa hospitali siku kumi na tisa, na bomba puani. Alipotoka, daktari, yuleyule, sasa ana mvi na miwani mipya, alituambia mimi na binti kwamba kilichobaki ni kidogo na hakitaongezeka. Asipande ngazi. Asicheke sana. Binti alisikiliza yote kwa adabu, akaenda moja kwa moja dukani na kugeuza bango la mlangoni. Nilimwambia mkono wake sasa umeshaiva, anaweza kuendelea bila Shangazi. Akasema, "Dada, kila nikibana namwona anateleza." Hakulifungua tena. Jina la bekari akaliuza kwa kampuni inayogandisha pai huko mbali na kuzileta kwenye maboksi. Nimeziona kwenye majokofu ya maduka makubwa. Wamechora mikunjo kwenye boksi. Pai yenyewe ndani haina. Imekatwa kama sarafu. Binti akarudi kufundisha, mji mwingine, na kabla ya kuondoka akamhamishia Shangazi kwa Meneja, ili mhudumu mmoja awaangalie wote wawili.

Nami huenda Alhamisi, siku ambayo duka la viatu hufungwa mapema. Wanakaa sebuleni, yeye karibu na dirisha, kaka yake karibu na redio. Sentensi ya Shangazi sasa ina maneno manne au matano, kisha anasubiri, kisha mengine manne. Meneja ana lake moja. Kuna siku nzima hakuna anayefika mwisho wa jambo lolote.

Alhamisi iliyopita nilimkuta Shangazi macho yamevimba. Nikamuuliza kama amelala vizuri.

"Nalala kutwa," akasema. Akasubiri. "Naamka nimechoka. Najilaza nimechoka."

"Ni dawa, Shangazi."

"Siyo dawa." Akavuta pumzi, ikafika nusu. "Zamani nilichoka na kitu. Nilikuwa naangalia trei nasema... zile ndizo zilizonichosha. Sasa nachoka na nini?"

Nilitaka kumwambia lolote la kumtia moyo. Nikamwambia habari za viatu, kwamba vya kike vya visigino havitoki siku hizi, kila mtu anataka raba.

Meneja alikuwa anatusikiliza. Aligeuza kichwa, akamtazama dada yake kwa muda, uso ukaanza kumkunjamana, midomo ikahangaika kama inatafuta mlango. Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye paja. Shangazi akageuka kumtazama, akasubiri. Sijawahi kuona mtu akisubiri vile.

"Haya," Meneja akasema. Akajaribu tena. "Haya. Haya."

"Haya, Kaka," Shangazi akasema.

Mhudumu akaingia na chai, akaongeza sauti ya redio kwa sababu ilikuwa saa ya matokeo ya mpira. Nilimshikia Shangazi kikombe mpaka akamaliza, nikaosha vyombo, nikaaga.